Kikomo cha Kukokota: Istilahi ya Mnunuzi wa Jipu Lililotumika

Kikomo cha kukokota ni uzito mkubwa kabisa wa tela, pamoja na shehena yake, ambao mtengenezaji wa gari ameruhusu uvutwe na gari hilo. Kifaransa, ambacho ndicho lugha ya karatasi za magari nchini Kongo, hukiita capacité de remorquage. Kalemie, mji wa nchi hiyo kando ya Ziwa Tanganyika ambako watu husema remorki pale Mtanzania au Mkenya angesema tela, mazungumzo ya kawaida hutosheka na "nguvu ya kuvuta". Maneno hayo yanaeleweka, lakini yanapotosha. Nguvu ni sifa ya injini, na injini si lazima iwe ya kwanza kushindwa. Jipu la lita nne na ushei linaweza kuling'oa tela la tani tano pale bandarini na kuondoka nalo. Kazi ni kulisimamisha, kulishusha mlima na kulizuia lisiyumbe. Takwimu ya mtengenezaji huamuliwa na kiungo dhaifu kuliko vyote: breki, rejeta, giaboksi, ekseli ya nyuma, au fremu pale ndoano ilipofungwa.

Kwa sababu hiyo neno kikomo linafaa kuliko nguvu, na hata kuliko uwezo, ambalo muuzaji hulipenda kwa kuwa linasikika kama sifa. Kitenzi nacho kina sababu yake. Kuvuta ni neno la kila kitu, kuanzia kamba hadi sigara. Kukokota ni kuburura kitu kizito nyuma ya anayekwenda, na ndicho kitenzi kilichozaa mkokoteni.

Kikomo hicho hakisomwi peke yake, kwani kimefungamana na vipimo vingine vinne. Cha kwanza ni uzito wa gari tupu. Cha pili ni uzito wa juu wa gari likiwa limepakiwa watu na mizigo. Cha tatu ni uzito wa juu wa gari na tela kwa pamoja. Cha nne, ambacho wengi hawakijui, ni uzito wa shingo, yaani ule uzito ambao shingo ya tela hukandamiza nao ndoano ya gari. Shingo ikiwa nyepesi mno, tela huyumba kama mkia. Ikiwa nzito mno, gari hukaa kitako na magurudumu ya mbele hupoteza mshiko. Kanuni ya kawaida ni takriban sehemu moja ya kumi ya uzito wa tela.

Land Cruiser ya mfululizo wa 200, iliyoanza kuuzwa mwaka 2007, inaonyesha jinsi vipimo hivi vinavyobanana. Toleo la dizeli lililouzwa Australia liliruhusiwa kukokota kilo 3500, kwa sharti kwamba tela liwe na breki zake lenyewe. Uzito wake wa juu likiwa limepakiwa ni kilo 3350, na pamoja na tela ni 6850. Gari tupu lina karibu kilo 2700, kwa hiyo zimebaki 650. Tela la kilo 3500 likifungwa, shingo yake hukandamiza kilo 350, na uzito huo huhesabiwa kuwa mzigo wa gari, si wa tela. Zinabaki 300. Watu wanne wazima wa kilo 75 wamezimaliza zote, na bado hakujapakiwa begi, dumu la mafuta wala gunia la ndagala. Familia ya watu saba inayotoka Kalemie kwenda Nyunzu na vyombo vyake vyote haina budi kukokota pungufu ya kile ilichoahidiwa, hata kama jipu ni jipya kabisa.

Sharti la breki lina uzito kuliko yote. Tela lisilo na breki zake husimamishwa na breki za gari peke yake, ndiyo maana Ulaya na Australia kikomo chake ni kilo 750, hata kwa jipu lililoandikiwa 3500. Tela lililochomelewa na fundi wa mtaani kwa ekseli ya gari kuukuu kwa kawaida halina breki. Boti ndogo ya nyuzi za kioo na injini yake, au jenereta ya wastani juu ya magurudumu mawili, huweza kufika kilo 750 bila mtu kushtuka; tangi la maji la lita elfu moja limekwisha kupita.

Wapi takwimu hizi zisomwe hutegemea gari limetoka wapi. Gari lililotengenezewa soko la Ulaya lina kibati chenye mistari minne ya uzito: gari lililopakiwa, gari pamoja na tela, ekseli ya mbele, ekseli ya nyuma. Ukitoa mstari wa kwanza katika wa pili unapata kikomo cha kukokota. Cheti cha usajili cha Ulaya kinakiandika wazi pia, kwenye alama O.1 kwa tela lenye breki na O.2 kwa lisilo nazo. Gari lililotoka Japani, likashushwa Dar es Salaam, likafika Kigoma na kuvushwa ziwa, halina mistari hiyo. Kibati chake hutaja namba ya fremu, rangi, giaboksi na herufi za aina. Herufi hizo ndizo za kusoma. HZJ105 na HDJ100 ni magari yanayofanana kwa bodi. Tofauti ya injini iko kwenye herufi mbili za mwanzo. HZ ni injini ya 1HZ, silinda sita, sentimita za ujazo 4164, isiyo na tabo, yenye nguvu ya mzunguko ya takriban Newton mita 285. HD ni ndugu yake mwenye tabo, na katika toleo la mwisho alifika 430 kwa ujazo uleule.

Mtu angedhani HD ndiyo ya kuchagua, na kwa milima angekuwa na hoja. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 za mwinuko. Ziwa Tanganyika liko karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari, na nyanda za Marungu upande wa Moba hupita mita 2000; huko juu moja ya tano ya nguvu imekwisha kuyeyuka. Lakini pampu ya HZ ni ya kimakanika tupu, huvumilia dizeli ya dumu na hutengenezeka kwa spana. Injini ya dizeli ya V8 ya ule mfululizo wa 200 ina sindano za shinikizo kubwa ambazo uchafu kidogo tu huziua. Kwa Kalemie, HZ inayokwenda polepole ni chaguo salama zaidi. Mkonga wa hewa unaopendwa sana Tanzania, kiasi cha kulipa gari jina lake, hauongezi hata kilo moja kwenye kikomo.

Takwimu yoyote ya kiwandani ni ya gari jipya. Kwa lililotumika, ukweli uko chini ya bodi. Matundu ya boliti za ndoano yaliyotanuka yakawa kama yai yanaonyesha gari lilikokota mizigo iliyozidi. Kadhalika uchomeleaji mpya uliopakwa rangi nyeusi mahali pamoja tu pa fremu. Gari lililotoka Ubelgiji ligongwe fremu kwa nyundo ndogo, hasa juu ya ekseli ya nyuma, kwa kuwa chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi huila fremu kwa ndani. Mafuta ya giaboksi ya otomatiki yawe mekundu. Yakiwa ya kahawia na kunuka kuungua, giaboksi imekwisha kuchemka. Rejeta yenye maji ya kutu ni dalili ya gari lisiloweza mlima mrefu.

Tufe la chuma linalopokea shingo ya tela lina kipenyo cha milimita 50 kwa kipimo cha Ulaya, na likichakaa hadi 49 linatupwa. La Kimarekani la inchi mbili ni milimita 50.8, kwa hiyo shingo yake ikikalishwa juu ya la Ulaya hulegea na huweza kuchomoka kwenye matuta. Usukani wa kulia wa magari ya Japani humweka dereva ukingoni katika nchi inayoendesha upande wa kulia, na kulipita lori akiwa na tela kunahitaji msaidizi wa kumwangalizia mbele. Umeme nao ukaguliwe: baadhi ya Land Cruiser za dizeli za mfululizo wa 70 zilizouzwa Japani ni za volti 24, na taa za tela za volti 12 zikichomekwa humo huungua papo hapo, isipokuwa balbu zibadilishwe au kifungwe kipunguza volti.