Mzigo Unaoshuka Sekenke

Misigiri, wilayani Iramba, iko kwenye barabara kuu ya Singida kwenda Nzega, hapo inapochepuka njia ya Kiomboi. Mbele yake kuna Mlima Sekenke, mteremko mkali wenye kona unaoshusha barabara hadi Shelui. Malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo hupita hapa, na kosa lililofanyika wakati wa kupakia, mamia ya kilomita nyuma, mara nyingi huonekana kwenye mteremko kama huu.

Kosa kubwa kuliko yote ni imani kwamba mzigo mzito haujisogezi. Lori linapofunga breki, tela hupunguza mwendo lakini mzigo hutaka kuendelea na safari yake, na kadiri ulivyo mzito ndivyo unavyosukuma kwa nguvu. Kanuni za ufungaji zinazotumika Ulaya hutaka mzigo uzuiwe kwenda mbele kwa nguvu inayolingana na asilimia 80 ya uzito wake, na kwenda pembeni au nyuma kwa asilimia 50. Kona za Sekenke zinahitaji hiyo ya pembeni. Breki zinahitaji hiyo ya mbele.

Tuchukue mabunda ya nondo ya tani 20 yaliyolazwa juu ya mbao. Breki kali huyasukuma mbele kwa nguvu ya tani 16. Msuguano wa mbao na sakafu ya chuma, tukiukadiria kuwa asilimia 30, huzuia tani 6 tu. Zinabaki tani 10. Hapo ndipo watu husema, "Ongeza mikanda." Lakini mkanda uliopitishwa juu ya mzigo haushiki mzigo, unaukandamiza tu chini ili msuguano uongezeke. Mkanda wa milimita 50 ukikazwa vizuri huvuta hadi kama kilo 500 kila upande, yaani hukandamiza kwa tani 1 hivi, na msuguano unaopatikana ni kilo 300. Ili kuziba pengo la tani 10 ingehitajika mikanda zaidi ya 30, na hakuna anayefunga hivyo. Ile namba 2,500 iliyoandikwa kwenye lebo ya mkanda ni nguvu unayoweza kuhimili ukivutwa moja kwa moja. Wengi huisoma vibaya.

Kwa hiyo nondo zisukumwe hadi ziguse ukuta imara wa mbele wa tela, au ziwekewe kizuizi cha mbao kilichopigiliwa barabara, kisha ndipo mikanda ifuate. Pengo la hata nusu mita kati ya mzigo na ukuta ni hatari: chuma hupata mwendo kabla ya kugonga, na nyuma ya ukuta huo yupo dereva na utingo wake. Nondo na mabomba ni bora yafungwe kwa minyororo. Mkanda ukipita kwenye ncha kali ya bati, kipande cha tairi kuukuu kikiwekwa kati yake kinatosha kuuokoa. Bila hicho, mtikisiko huusaga uzi baada ya uzi. Mkanda uliopigwa fundo utupwe.

Magunia yana tabia nyingine. Mahindi au alizeti ya Singida yapangwe kwa kupishana kama matofali, mazito chini, na turubai lisihesabiwe kuwa kifungo. Lumbesa huharibu mpango wote, maana gunia lililovimba halikai sawa juu ya jingine. Kontena linahitaji loki zote nne za pembeni zifungwe. Tangi la mafuta lililojaa nusu ni gumu kuliendesha kuliko lililojaa, kwa sababu mafuta huyumba na kulisukuma gari kwenye kona.

Uzito nao una mahali pake. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza mwaka 2019, inaweka kikomo cha juu cha tani 56 kwa gari na mzigo wake, na vikomo vya ekseli pia: tani 8 kwa ekseli ya usukani, 18 kwa ekseli pacha na 24 kwa ekseli tatu zilizofuatana. Gari linaweza kuwa chini ya kikomo cha jumla na bado likakamatwa mizani kwa ekseli moja. Mzigo uliorundikwa nyuma sana huinyang'anya ekseli ya usukani uzito, na usukani mwepesi ndicho kitu cha mwisho unachokitaka ukiwa Sekenke.

Mikanda hulegea kilomita za kwanza, mzigo unapojipanga. Ikazwe tena mapema baada ya kuondoka, na tena Misigiri kabla ya kushuka: shika mkanda, uvute, piga kwa kiganja. Ukifika Shelui, inama utazame sakafu ya tela kando ya mzigo. Mkwaruzo mpya unaong'aa pale unaonyesha mzigo umesogea kiasi gani, na hapo kukaza tu hakutoshi; mikanda ifunguliwe, mzigo urudishwe mahali pake na kizuizi cha mbele kitengenezwe upya.