Wiki ya likizo Malindi haibadilishwi kwa urahisi

KATIKA baadhi ya hoteli za ufuo wa Malindi na Kilifi, mtu huweza kununua haki ya kukaa katika nyumba ya mapumziko wiki moja kila mwaka, bila kuinunua nyumba yenyewe. Mpango huo, ujulikanao kama taimshea, huuzwa kwa ahadi tamu: mmiliki akichoka kuitazama Bahari Hindi, ataibadilisha wiki yake na kwenda Ulaya au Afrika Kusini. Hapo ndipo malalamiko huanzia.

Wengi hudhani kubadilishana ni mapatano ya watu wawili. Sivyo. Mashirika makubwa, RCI lililoanzishwa Marekani mwaka 1974 na Interval International la mwaka 1976, huendesha kitu mfano wa hazina. Mmiliki huweka wiki yake humo, kisha huomba iliyowekwa na mwingine. Wiki iliyokwisha kuwekwa kwa kawaida hairudishwi, na muda wa kuomba ukipita, mmiliki hubaki mikono mitupu.

Thamani ya wiki hutegemea msimu, ukubwa wa nyumba, idadi ya wanaoitaka na muda uliosalia kabla ya tarehe yake. RCI limetumia rangi kutenganisha misimu: nyekundu ya juu, nyeupe ya kati, buluu ya chini. Huku pwani tofauti ni kubwa mno. Kuanzia Disemba, wakati wa kaskazi, Malindi hufurika wageni, wengi wao Waitaliano. Masika yakiingia Aprili, fuo huwa tupu na baadhi ya hoteli hufunga milango hadi mvua ipungue. Mwenye wiki ya Mei asishangae akinyimwa Krismasi ya Cape Town. Bila shaka aliyemuuzia alimwonyesha picha za Januari.

Hata wiki nzuri huweza kushuka thamani bila kosa la mwenyewe. Ghasia za baada ya uchaguzi wa Disemba 2007 ziliwafukuza watalii, kama yalivyofanya maonyo ya usafiri ya Uingereza mwaka 2014.

Ada ya matengenezo, hata hivyo, haingoji wageni. Hulipwa kila mwaka, mmiliki aje asije, na mwenye deni huzuiwa kubadilisha. Juu yake kuna ada ya uanachama na ya kila badilishano. Hoteli ikijiondoa katika shirika, mmiliki hubaki na wiki yake lakini mlango wa kubadilisha umefungwa.

Sheria ya Kenya ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 humruhusu mnunuzi kuvunja mkataba wa taimshea bila kutoa sababu, hadi siku 10 baada ya kupokea nakala yake. Umoja wa Ulaya hutoa siku 14, na tangu mwaka 2011 kanuni zake hugusa pia mikataba ya kubadilishana. Katika siku hizo ndipo mnunuzi anapopaswa kusoma iwapo wiki yake ina tarehe maalumu, ni ya msimu upi, na iwapo ubadilishanaji umo katika mkataba huo au ni mkataba mwingine kabisa.