Kurekodi bendi ya kwaya kwa kompyuta ya nyumbani

Kurekodi kwa njia nyingi ni kuipa kila ala njia yake, ili mpiga besi akikosea, asahihishwe peke yake. Kompyuta ya kawaida hupokea njia moja au mbili tu. Kwa hiyo tafuteni kwanza kadi ya sauti ya nje yenye matundu 8 ya mikro. Drams huhitaji mikro 4 hivi: ngoma ya mguu, snea, na mbili juu ya sahani. Waimbaji waimbe baadaye, wakisikiliza kwa visikilizio. Kwa biti 24 na kilohezi 48, njia 8 hujaza karibu gigabaiti 4 kwa saa. Programu ya Ardour yatosha. Umeme ukikatika, wimbo waweza kupotea: tumieni laptop yenye betri nzima, na siku ileile nakilini kazi kwenye diski ya pili.