Nani Kasema? Historia ya Habari za Usajili katika Soka la Tanzania

Soka la Dar es Salaam lilikuwa na wapashaji habari kabla halijapata waandishi. Yanga iliundwa mwaka 1935, na mwaka uliofuata ikazaliwa klabu iliyocheza kwa muda mrefu kwa jina la Sunderland kabla ya kuitwa Simba mwaka 1971. Gazeti kubwa la mji huo wakati ule, Tanganyika Standard, lilianza mwaka 1930 na liliandikwa kwa Kiingereza, likiwalenga zaidi walowezi na maofisa wa serikali ya kikoloni. Aliyetaka kujua nani atacheza Jumapili aliuliza Kariakoo. Habari zilitoka kwenye nyumba ya klabu jioni, zikalala vijiweni, na asubuhi zilikuwa zimeshafika bandarini na sokoni. Thamani yake ilipimwa kwa swali moja: nani kasema? Aliyekuwepo kwenye kikao aliaminiwa, na aliyesikia kwa jirani alisikilizwa kwa tahadhari.

Uzito wa swali hilo ulitokana na namna klabu zilivyoundwa. Yanga na Simba zilikuwa mali ya wanachama wenye kadi, waliolipa ada, waliopiga kura kwenye mkutano mkuu na waliojua wazee wa klabu kwa majina yao. Kwa mtu wa namna hiyo, habari ya mchezaji kuhama ilikuwa habari ya nyumbani kwake. Alidai kuijua mapema, na mara nyingi yeye mwenyewe ndiye aliyeitoa. Shabiki alikuwa msomaji na chanzo kwa wakati mmoja, na jambo hilo halijabadilika hadi leo, ingawa vyombo vimebadilika mara kadhaa.

Redio ndiyo iliyoitoa habari ya mpira Kariakoo na kuipeleka nchi nzima. Matangazo ya Dar es Salaam yalianza mwaka 1951, na tangu mwaka 1965 kituo kikajulikana kama Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD kwa kifupi. Kwa karibu miaka thelathini hakikuwa na mshindani wa ndani upande wa Bara. Watangazaji kama Ahmed Jongo, Tido Mhando, Mikidadi Mahmoud na Charles Hilary walijulikana kwa sauti katika vijiji ambako hakuna aliyewahi kuona sura zao. Hata waliokwenda uwanjani walibeba redio ndogo za betri, wakaziweka sikioni huku macho yakiufuata mpira. Walikuwa wanaona mchezo, lakini walitaka mtangazaji awahakikishie kilichotokea: nani amefunga, nani ametolewa, dakika zimebaki ngapi.

Imani hiyo ilijengwa na mazingira ya wakati. Mwaka 1979 Simba ilifungwa mabao 4-0 nyumbani na Mufulira Wanderers ya Zambia katika mashindano ya klabu bingwa Afrika, kisha ikaenda Lusaka na kushinda 5-0. Mwaka huohuo bao la Peter Tino mjini Ndola liliipa Taifa Stars sare ya 1-1 na tiketi ya fainali za Mataifa ya Afrika zilizofanyika Nigeria mwaka 1980. Tanzania Bara haikuwa na televisheni. Mamilioni ya watu walizijua siku hizo mbili kwa masikio, na kesho yake kwa magazeti. Kwao hapakuwa na picha ya kumsahihisha msemaji, kwa hiyo msemaji alibeba dhamana nzima.

Magazeti ya wakati huo yalikuwa ya umma. Uhuru lilianzishwa na TANU mwaka 1961, Daily News likatokea mwaka 1972 baada ya Standard kutaifishwa, na mwaka 1976 serikali ikaunda Shirika la Habari Tanzania, SHIHATA. Kurasa za michezo zilitegemea taarifa za Chama cha Mpira, FAT, za Baraza la Michezo la Taifa na za makatibu wa klabu. Chanzo kilikuwa na cheo na jina. Faida yake ilikuwa wazi, kwani matokeo, ratiba na adhabu viliandikwa kwa usahihi wa kuridhisha. Hasara yake ilijitokeza pale klabu zilipogombana zenyewe kwa zenyewe. Mgogoro wa Yanga wa katikati ya miaka ya 1970 uliwatoa baadhi ya nyota wake na kuzaa Pan African mwaka 1976. Mvutano wa namna hiyo hauelezeki kwa taarifa ya katibu, maana katibu mwenyewe ana upande. Mashabiki walioutaka undani waliufuata mitaani, na mitaa ikaendelea kuwa gazeti la pili.

Mambo yaligeuka miaka ya 1990. Mfumo wa vyama vingi ulirudi mwaka 1992, na baada yake milango ikafunguka kwa magazeti, redio na televisheni za watu binafsi. Radio One na ITV zilianza kurusha matangazo mwaka 1994, na Clouds FM ikafuata mwishoni mwa muongo huo. Magazeti ya michezo peke yake yakapata wasomaji wa kutosha kuyaendesha: Dimba, Mwanaspoti, Championi, Bingwa na mengine yaliyokuja na kutoweka. Hapo ndipo tetesi za usajili zilipotoka kijiweni na kupanda ukurasa wa kwanza.

Meza ya muuza magazeti inaonyesha biashara ile ilivyofanya kazi. Asubuhi magazeti hupangwa moja juu ya lingine, kichwa cha habari tu kikibaki nje, na watu husimama mbele yake, mikono nyuma, wakisoma bila kununua. Mhariri alijua kwamba wengi wa wasomaji wake wataishia hapo. Kwa hiyo kichwa kilibeba kila kitu: klabu imenasa, imeshusha, imemwaga fedha, imefunga kazi. Redio nazo zikaanzisha utaratibu wa kusoma magazeti hewani alfajiri, na kichwa kilichoandikwa usiku na mtu mmoja kikafika kwa dereva wa daladala kabla ya saa moja, kikiwa kimepoteza njiani maneno ya tahadhari yaliyokuwa katika aya ya tano. Mchana kilijadiliwa kama jambo lililokwisha.

Ndani ya habari zenyewe lilizoeleka fungu la maneno: habari za uhakika kutoka ndani ya klabu. Mara nyingi zilikuwa kweli kutoka ndani. Tatizo ni kwamba ndani ya klabu kulikuwa na kambi. Yanga ilipitia miaka ya mvutano kati ya waliotaka iwe kampuni na waliotaka ibaki ya wanachama, na Simba ilikuwa na makundi ya wafadhili waliotoa fedha za usajili na kutaka sauti kwa fedha hizo. Kila kambi ilikuwa na mwandishi wake wa kumpigia simu. Aliyevujisha jina la mchezaji alikuwa na sababu, pengine kumpandisha bei, kumharibia mwenyekiti, au kuwapoza wanachama kabla ya uchaguzi. Kumficha mtoa habari ni haki ya mwandishi na ni ulinzi wa lazima, lakini katika soka la Tanzania ufichaji huo uliwanyima wasomaji jambo ambalo kijiwe cha zamani kiliwapa: kujua msemaji anasimama upande gani.

Kulikuwa pia na upungufu wa karatasi. Wachezaji wengi walisaini mikataba ambayo nakala yake hawakubaki nayo. Viongozi waliwachukua, wakawaficha hotelini au nyumbani kwa mfadhili mpaka siku ya usajili ifike, na klabu mbili zingeweza kumtangaza mtu mmoja bila yeyote kuonyesha hati. Mwaka 2012 beki Mbuyu Twite, aliyekuwa akichezea APR ya Rwanda, alidaiwa na Simba na Yanga kwa wakati mmoja, na ubishi wake ukajaza magazeti kwa wiki nyingi kabla hajaichezea Yanga.

Lakini chanzo cha aina nyingine kilikuwa kimeshaingia. Kuanzia Oktoba 2010 Shirikisho la Soka la Kimataifa, FIFA, lililazimisha uhamisho wa kimataifa upitie mfumo wake wa kompyuta, TMS, ambamo klabu inayouza na inayonunua huingiza taarifa na nyaraka, na zisipolingana uhamisho haukamiliki. Shirikisho la Soka Tanzania, TFF, lililochukua nafasi ya FAT mwaka 2004, likawa na kumbukumbu ambayo neno la mfadhili halikuweza kuifuta. Sakata la Bernard Morrison lilionyesha tofauti hiyo. Mwaka 2020 Yanga ilisema winga huyo wa Ghana ameongeza mkataba, yeye akakana, kamati ya TFF ikampa haki, na akajiunga na Simba. Yanga ilikata rufaa hadi Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, CAS, na mwaka 2021 ikashindwa. Kwa miezi ile mashabiki wa kawaida walijadili saini, tarehe na kurasa za mkataba kwa umakini uliokuwa nadra kwenye mijadala ya awali.

Mitandao ya kijamii ilivunja mpangilio uliobaki. Wasemaji wa klabu, ambao zamani kazi yao ilikuwa kujibu maswali ya waandishi, wakawa na wafuasi wengi kuliko magazeti mengi. Haji Manara aliisemea Simba kwa miaka kadhaa kisha akahamia Yanga mwaka 2021, na kuhama kwake kukawa habari kubwa sawa na usajili wa straika. Wachezaji nao wakajisemea. Desemba 2022 Feisal Salum aliwaaga mashabiki wa Yanga kupitia Instagram. Klabu ilipinga, na kamati ya TFF ikaamua kwamba bado ni mchezaji wake. Mwezi Juni 2023 akaenda klabu ya Azam baada ya pande hizo kumalizana. Julai 1, 2024, siku moja baada ya mkataba wa Clatous Chama na Simba kumalizika, Yanga ilimtangaza kwenye kurasa zake yenyewe. Magazeti yalilipata jambo hilo pamoja na kila mtu mwingine.

Mwandishi alipopoteza nafasi ya kuwa wa kwanza, kazi yake ilibaki ile ngumu zaidi, ya kuthibitisha, na hapo alikutana tena na shabiki. Usajili ulipohamia Kongo, Zambia, Burkina Faso na Ivory Coast, walitokea mashabiki wanaosoma Kifaransa, wanaofuatilia kurasa za klabu za Kinshasa na Abidjan, wanaojua lini mkataba wa kiungo fulani unaisha. Wengine hupiga picha za mchezaji akitoka uwanja wa ndege. Wanapoona tetesi huuliza mara moja: chanzo nani, umeongea na klabu inayouza, wakala amesemaje? Mwandishi anayejibu maswali hayo waziwazi, akieleza alichothibitisha na kilichobaki kuwa tetesi bila kumtaja mtu aliyemwamini, hujenga jina ambalo halitegemei klabu yoyote.

Serikali iliingia katika uwanja huo mwaka 2018 kwa kanuni za maudhui ya mtandaoni, zilizowataka wenye blogu na watoa huduma wengine wa habari mtandaoni kuomba leseni. Akaunti binafsi za mashabiki zilibaki sehemu ambako tetesi nyingi huanzia.

Eneo moja bado liko gizani. Mwezi Mei 2021 thamani ya haki za matangazo ya Ligi Kuu ilitangazwa hadharani, Shilingi bilioni 225.6 kwa miaka kumi kutoka kampuni ya matangazo ya Azam, lakini ada za wachezaji klabu kwa kawaida hazizitaji. Idadi ya miaka ya mkataba hutangazwa, jezi huonyeshwa, mchezaji hupigwa picha akiwa na kalamu. Kiasi kilicholipwa huja baadaye kutoka kwa watu wa ndani wasiotaka kutajwa, na mara nyingi kambi mbili hutoa takwimu mbili za mchezaji yuleyule.