Dawa za Watoto Wetu wa Ufipa
Tukihesabu mema yaliyoifikia nchi yetu, tusiisahau dawa. Mwaka 1889 Adrian Atiman, aliyekombolewa utumwani akasomeshwa uganga huko Malta, alifika Karema, chimbuko la misheni zetu, akatibu watu hata kufa kwake mwaka 1956. Zamani zile dawa zilitoka pwani vichwani mwa wapagazi, safari ya miezi. Nayo homa ya mtoto haingoji msafara. Leo Bohari ya Dawa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1993, huzileta kwa magari. Tena mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya kwanza ya dawa za watoto, maana kidonge cha mtu mzima kikikatwa vipande hakina kipimo cha hakika. Basi, walimu na wazazi, tuulize zahanatini mapema, kabla ya masika: dawa ya mtoto ipo?