Herufi Juu, Fimbo Chini

Anayenunua leo Toyota iliyoshushwa bandarini Mombasa au Dar es Salaam kutoka Japani hukuta herufi zilezile kando ya mkono wa gia: P, R, N, D. Huzipita bila kuzitazama mara mbili, kana kwamba zimekuwapo tangu gari la kwanza. Sivyo. Mpangilio huo ulibishaniwa kwa karibu miaka thelathini huko Marekani. Magari yaliyotengenezwa wakati wa mabishano hayo sasa ni ya kale na yana wapenzi wake, na mafundi bado hulala chini yake kutafuta bushi iliyoliwa au fimbo iliyopinda.

Oldsmobile ndiyo iliyotangulia. Katika modeli zake za 1940, General Motors iliuza giaboksi iliyoitwa Hydra-Matic kwa nyongeza ya dola 57. Aliyeongoza kazi hiyo alikuwa mhandisi Earl Thompson, ambaye awali alikuwa amebuni sinkromeshi, kifaa kilichowaondolea madereva adha ya gia kugongana wakati wa kubadilisha. Hydra-Matic ilikuwa na gia nne za mbele na haikuhitaji pedali ya klachi. Ilikuwa imara kiasi kwamba ilifungwa hata kwenye vifaru vyepesi vya Marekani katika Vita Kuu ya Pili.

Lakini haikuwa na P, herufi ya kuegesha. Pale kwenye usukani palikuwa na N, Hi, Lo na R. Aliyetaka kuegesha mlimani alizima injini, akapeleka mkono R, na giaboksi ikajifunga.

P ilikuja na Dynaflow ya Buick mwaka 1948, ikaanzisha mfuatano wa P, N, D, L, R. Powerglide ya Chevrolet iliufuata mwaka 1950. Kuweka R jirani na L kulikuwa na sababu: gari likinasa kwenye tope au theluji, dereva angeweza kulisukasuka mbele na nyuma kwa kuchezesha mkono kidogo tu. Mwaka 1951 Ford ikatoa Ford-O-Matic na kuchagua P, R, N, D, L. Hapo ndipo hatari ilipojificha. Dereva aliyezoea Ford alijua kwamba akivuta mkono mpaka mwisho anapata gia ya nguvu ya mbele. Akikaa kwenye Chevrolet na kufanya vilevile, alipata rivasi. Mkono ulitii mazoea, na gari likatii mkono.

Mkanganyiko huo uliongezwa na moto. Tarehe 12 Agosti 1953 kiwanda cha Hydra-Matic cha Livonia, Michigan, kiliteketea. Cadillac na Oldsmobile za General Motors zikafungwa Dynaflow ya Buick kwa muda, na Pontiac zikapewa Powerglide, hadi uzalishaji ulipohamia Willow Run, mahali ambapo Ford ilikuwa imeunda ndege za kivita za B-24. Ndiyo maana fundi mzoefu akiletewa Cadillac ya 1953 haagizi fimbo wala bushi kwa kusoma jina la gari. Huinama kwanza atazame ni giaboksi gani iliyofungwa.

Na huko chini ndiko ukweli wote uliko. Herufi anazoziona dereva hazijui lolote kuhusu gia. Ni taarifa tu inayopitia kwenye fimbo. Ndani ya giaboksi kuna bamba lenye mapengo na springi inayotumbukia katika kila pengo, na bamba hilo ndilo linaloisogeza valvu inayopeleka oili kwenye klachi za gia iliyochaguliwa. Mkono wa kwenye usukani umeshikwa na bodi. Giaboksi imeshikana na injini, na injini inatikisika juu ya mauntingi za raba. Fimbo inaunganisha vitu viwili visivyotikisika pamoja, huku ikikaa karibu na bomba la moshi na kurushiwa matope. Katika maungio yake kuna bushi ya raba au plastiki, mara nyingi ndogo kuliko sarafu. Joto huikausha, oili huilainisha, tundu la chuma hupanuka na kuwa la mviringo mrefu. Polepole mshale wa herufi na pengo la ndani huacha kupatana.

Dalili zake zinafahamika. Gari linakataa kuwaka likiwa P lakini linawaka likiwa N. Mshale unasimama katikati ya herufi mbili. Gari linatambaa likiwa nyutro. Mbaya zaidi ni ile isiyoonekana: valvu ikibaki nusu njia, presha ya oili hupungua, klachi huteleza na kuungua. Inauma kuona giaboksi nzima ikifumuliwa kwa fedha nyingi wakati kilichohitajika ni bushi moja na nusu saa ya utulivu.

Utulivu ndio unaotakiwa, kwa sababu kazi yenyewe ina utaratibu usiokubali njia ya mkato. Magurudumu huwekewa vizuizi, gari hukaa juu ya stendi na si juu ya jeki peke yake. Bushi hubadilishwa kwanza, kwa kuwa kurekebisha fimbo iliyolegea ni kurekebisha kitu kitakachohama kesho. Mauntingi za injini nazo hukaguliwa. Kisha fimbo huchomolewa, mkono mdogo wa kwenye giaboksi husogezwa taratibu huku fundi akihesabu kila pengo kwa kusikia na kugusa, na mkono wa dereva huwekwa kwenye herufi ileile. Kiungo cha kurekebishia huzungushwa mpaka pini iingie yenyewe bila kusukumwa. Ikihitaji nguvu, bado.

Huku mabishano ya herufi yakiendelea, Chrysler ilijaribu kuuondoa mkono kabisa. Kuanzia modeli za 1956 hadi 1964 iliweka vitufe kwenye dashibodi, vikiendesha giaboksi kwa kebo. Edsel ya Ford ya 1958 ikaenda mbali zaidi: vitufe katikati ya usukani na mota ya umeme kwenye giaboksi. Mpango huo ulidumu mwaka mmoja tu.

Mwaka 1965 mwanasheria Ralph Nader alichapisha kitabu Unsafe at Any Speed. Kitabu hicho hukumbukwa zaidi kwa kulishutumu gari la Chevrolet Corvair, lakini pia kilizishutumu kampuni kwa kuacha kila moja ipange gia ipendavyo. Mwaka uliofuata Rais Lyndon Johnson alitia saini sheria ya usalama wa magari, na kanuni namba 102 ikaanza kutumika mwaka 1968. Iliagiza N ikae kati ya gia za mbele na rivasi. P, kama ipo, ikae mwisho, jirani na R. Na gari lisiwake likiwa kwenye gia. Chevrolet iliyonunuliwa baada ya hapo haikuweza tena kumgeuka dereva aliyetoka kwenye Ford.

Sheria ilipanga herufi. Fimbo ilibaki suala jingine. Kuanzia 1977 serikali ya Marekani ilichunguza magari ya Ford ambayo, kwa mujibu wa malalamiko, yaliachwa P yakajirudisha nyuma yenyewe. Mkono uliweza kutulia kati ya P na R, dereva akahisi ameegesha, kisha mtikisiko ukauangusha kwenye rivasi. Watu walikufa. Ford ilikana kasoro hiyo, na mapatano ya mwaka 1980 yaliishia kwa wamiliki wa magari yapatayo milioni 23 kutumiwa stika ya onyo: hakikisha umefika P, vuta handbreki, zima injini. Ni vigumu kuliita suluhisho. Karatasi haigusi fimbo wala pengo.

Juni 2022 kampuni hiyohiyo iliyarudisha gereji magari yapatayo milioni 2.9, mengi ya miaka ya 2010, kwa sababu bushi ya kebo ya gia iliweza kuchakaa na kuchomoka, mkono ukaonyesha P ilhali giaboksi iko kwingine. Safari hii mafundi waliagizwa kufunga bushi mpya na kuiwekea kifuniko cha kuilinda.