Askari wa Kale wa Kibera na Haki ya Uzee



Katika taarifa ya mwaka huu ukurasa wa historia umewekwa kwa ajili ya wazee wa Kinubi wa Kibera. Chama cha ustawi hakiwezi kusema habari za kutunza wazee bila kuuliza kwanza ni wazee gani wanaohesabiwa na ni wazee gani wanaoachwa nje ya hesabu.

Asili yao ni askari wa Kisudani waliokuwa chini ya Emin Pasha. Mwaka 1891 Kapteni Lugard aliwachukua kutoka Kavalli, karibu na Ziwa Albert, akawaleta Uganda. Baadaye wengi wao, na wana wao, waliandikwa katika King's African Rifles, jeshi lililoundwa mwaka 1902, ambalo watu wetu waliliita Keya.

Ofisa wa Kizungu alipostaafu alirudi kwao na malipo ya uzeeni. Askari wa Kisudani hakuwa na kwao pa kurudi, wala malipo hayo hakupewa. Badala yake alipewa cheti cha kujenga na kulima karibu na Nairobi, mahali ambapo kwa lugha yake aliita Kibra, yaani msitu. Eneo hilo lilipimwa, likawa eka 4,197, na mwaka 1918 likatangazwa rasmi kuwa ardhi ya jeshi. Basi shamba ndilo lililokuwa pensheni yake.

Lakini cheti hakikuwa hati ya kumiliki. Mwaka 1928 Kibera iliondolewa mikononi mwa jeshi ikawekwa chini ya watawala wa kiraia, na katika miaka ya 1930 Tume ya Ardhi ya Carter ilisema kwamba Wasudani hao ni wapangaji tu kwa hiari ya Serikali. Malipo ya uzeeni yanayoweza kutwaliwa wakati wowote, mimi siyaiti malipo.

Wazee hawakukaa wakilia. Walijenga vyumba vya udongo wakavipangisha kwa wafanya kazi wa mjini, na kodi ya vyumba viwili vitatu ikamlisha bibi kizee asiye na mume. Wajane wengine walisuka vikapu na sinia za ukili. Wengine walipika ile pombe kali iliyojulikana mji mzima, ingawa dini yao haikuiridhia na polisi waliisaka. Tusiwahukumu upesi. Mjane wa askari aliyeachwa bila posho hakuwa na mengi ya kuchagua. Na baada ya Uhuru, mitaa mipya kama Otiende na Ngei ilipojengwa katika ardhi ile, vyumba vilivyobomolewa vilikuwa ndiyo akiba ya uzeeni.

Katiba ya 2010, kifungu cha 57, yampa mzee haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo ya jamaa yake na ya Serikali. Mwaka 2018 ulianza mpango wa Inua Jamii kwa kila mwenye miaka 70 na zaidi, shilingi 2,000 kwa mwezi. Jambo jema kabisa, na halikuuliza kabila. Ila liliuliza kitambulisho. Nao Wanubi, kwa miaka mingi, walipokiomba waliitwa mbele ya baraza la uchunguzi, wakatakiwa walete karatasi za baba na babu. Hivyo mjukuu wa askari asiyelipwa akafika naye miaka 70, akakosa posho kwa ajili ya kadi. Wamakonde wa Kwale walijua adha hiyohiyo. Mwezi Oktoba 2016 walitembea kwa miguu hadi Nairobi kudai vitambulisho vyao, wakavipata.

Mwaka 2011 Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya imewakosea watoto wa Kinubi katika habari ya uraia. Uamuzi huo ulihusu watoto, lakini kila mzee aliyekosa kitambulisho aliwahi kuwa mtoto wa namna hiyo. Mwaka 2017 jamii ya Wanubi ilikabidhiwa hati ya ardhi ya Kibera. Ilikuwa ya eka 288.